Bado, Mama Mdogo

Nikuombe ufumbe macho kidogo, uione karakana ya ushonaji wakati umeme umekatika. Ni chumba kirefu chenye paa la bati na madirisha madogo yaliyopachikwa juu karibu na dari. Katikati ipo meza moja ndefu, na pande zake mbili wamekaa wanawake, kila mmoja mbele ya cherehani yake. Mashine zimenyamaza. Vumbi la pamba linaelea polepole kwenye mwanga mchache unaoingia. Na wanawake wote, mkubwa kwa mdogo, wameketi wima, mikono wameilaza mapajani, kama watoto wanaosubiri mwalimu awaruhusu kutoka.

Hawapumziki. Huo ndio utaratibu wa kazi yao. Chini ya meza ile ulipita mhimili mrefu wa chuma uliozungushwa na mota moja kubwa, na kutoka kwenye mhimili mikanda ilipanda juu kuendesha kila cherehani. Swichi nayo ilikuwa moja, ukutani karibu na mlango, yenye mkono mwekundu. Ukiuvuta chini, meza nzima inaamka kwa mpigo. Kwa hiyo kabla ya kuuvuta, mwenye swichi alitakiwa aulize kwa sauti, "Mikono?" Aliye tayari alijibu, "Mapajani." Ambaye bado anatunga uzi kwenye sindano, au ameinama kunasua nyuzi kwenye mkanda, alisema, "Bado." Likishasemwa neno hilo, hakuna cha kuwashwa.

Mwenye swichi alikuwa mama mmoja mpole, mnene kiasi, ambaye alishona pale tangu usichana wake hadi mvi zikamjaa. Kazi ile ilimganda mpaka ikawa jina lake, Mama Swichi. Alikuwa mtu wa kucheka na kila mtu. Lakini alikuwa na siri, na siri hiyo ilikuwa masikioni mwake.

Miaka mingi ya kukaa karibu na mota ilikuwa imemla masikio kidogo kidogo. Kwanza ziliondoka sauti nyembamba, za ndege na za watoto wadogo. Kisha yakaondoka maneno ya mwisho wa sentensi. Akajifunza kuwatazama watu midomo na kubahatisha yaliyobaki. Shoga yake aliyeketi mwisho wa meza, fundi wa kola ambaye wote walimwita Kola, alikuwa akimtania.

"Mama Swichi ukimwambia paa linavuja, anakujibu asante, nimeshakunywa chai."

Wenzake wakaangua kicheko. Mama Swichi naye akacheka, ila baada ya kuwaona wao wanacheka.

Hakumwambia mtu. Mwenye swichi ni lazima asikie, hilo hata mgeni wa siku moja alilijua. Aliogopa wangempeleka pembeni kushonea vifungo pamoja na wanafunzi, au wangemwambia apumzike nyumbani. Na nyumbani alikuwa na mabinti wawili wa kulea.

Walikuwa watoto wa dada yake, aliyefariki akamwachia wangali wadogo. Wote wawili walipokua aliwaingiza karakana. Yule mkubwa walimwita Kidole, kwa sababu hakuvua subana yake hata wakati wa kula. Subana ni kile kikofia cha chuma chenye vishimo vishimo, anachovaa mshonaji kidoleni ili sindano isimchome. Yake ilikuwa ya marehemu mama yake. Kidole aliketi mwisho kabisa wa meza, mbali na mlango, jirani na Kola. Alipenda chaki ya buluu wakati wengine wote walitumia nyeupe, na kila jioni alirudi nyumbani viganja vikiwa na rangi ya anga. Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Wakati wengine walisema tu "Mapajani", yeye aliongeza heshima. "Mapajani, mama mdogo." Hakuna mwingine mle ndani aliyemwita hivyo, kwani hata mdogo wake, Kitinda, akiwa kazini alimwita Mama Swichi kama wenzake, akiona haya kuonekana anadekezwa.

Zamani waliitika mmoja mmoja, kutoka mlangoni hadi mwisho. Kazi zilipozidi, bosi akalalamika kwamba wanachelewa. Wakaanza kuitika kwa pamoja, kama watu wanaoitikia wimbo. Vifuniko vya mbao vilivyouziba mhimili navyo viliondolewa, ili fundi wa mitambo asisumbuke kuvifungua kila mkanda unapokatika. Vikaegemezwa nyuma ya mlango. Vikakaa huko mpaka buibui wakavizoea.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa. Jua lilikuwa kali, walikuwa wakishona mashati ya shule, na Kola alikuwa anasimulia jinsi mumewe alivyovaa suruali nje ndani hadi kazini. Umeme ukakatika. Wakakaa, wakapunga vitambaa usoni, wakacheka. Taa ndogo ya ukutani ikawaka kuonyesha kwamba umeme umerudi. Mama Swichi akashika mkono wa swichi.

"Mikono?"

"Mapajani," likaja jibu kwa pamoja.

Akapitisha macho meza nzima kama kawaida yake. Kule mwisho alimwona Kidole akigeuka kuinama. Aliona midomo yake ikifunga, kama mtu anayeanza kutamka "mapajani". Basi akageukia swichi, akavuta.

Subana ilikuwa imemchomoka Kidole ikabingirika chini ya meza. Alikuwa ameinama kuitafuta, na mtandio wake ukaning'inia juu ya mhimili ule usio na kifuniko. Kilichotokea hakikuchukua hata muda wa kuita jina. Sitakisimulia. Waliokuwepo hawakupenda kukisimulia, na mimi nauheshimu ukimya wao. Niseme tu kwamba Mama Swichi hakusikia mayowe. Alijua baada ya kuona midomo yote mezani imefunguka kwa wakati mmoja.

Subana ilitafutwa ili wamzike nayo. Haikuonekana.

Baada ya msiba kazi ikarudi. Bosi alikataza mitandio, wote wakavaa vilemba vya kubana. Vifuniko vya mhimili alisema vitarudishwa wakimaliza mashati. Kitinda akahamishiwa cherehani ya dada yake, kwa kuwa ndiyo pekee iliyokuwa wazi. Mama Swichi alitaka kupinga, ila kupinga kungemlazimu kuitaja siri yake. Angesema nini? Kila asubuhi alimtazama binti huyo akipita kwenda kukaa kule mwisho, na moyo wake ukawa kama kitambaa kilichovutwa uzi mmoja.

Umeme ulipokatika kwa mara ya kwanza tangu msiba, wakakaa mikono mapajani. Hakuna aliyetania. Taa ndogo ikawaka. Mama Swichi akasogea kwenye swichi.

"Mikono?"

"Mapajani."

Aliposhika mkono wa swichi, akasikia sauti karibu kabisa na sikio lake, lile la kushoto, ambalo halikuwa likisikia kitu tena.

"Bado, mama mdogo."

Ilikuwa sauti ndogo. Lakini ilikuwa safi, kila herufi ikisikika, kama alivyokuwa akisikia zamani kabla ya mota kumla masikio. Akageuka. Nyuma yake palikuwa na ukuta.

"Nani amesema bado?" akauliza.

Wakatazamana. Kola akatikisa kichwa polepole. "Hakuna, mama. Washa tu."

Akasubiri. Alipoona kimya, akavuta huku macho ameyafumba. Mashine zikaamka, hakuna aliyeumia. Alipoutazama mkono wa swichi, pale aliposhika, palikuwa na unga mwembamba wa buluu.

Tangu siku hiyo ikawa hivyo. Umeme ukikatika na kurudi, sauti ile humjia. Bado, mama mdogo. Mara nyingine husema mara moja, mara nyingine hurudia na kurudia, na yeye husimama pale mkono juu ya swichi, machozi yakimtiririka, mpaka inyamaze. Wenzake walidhani ni majonzi. Kitinda alimbembeleza nyumbani wakila.

"Mama mdogo, pumzika hata wiki moja."

"Nikipumzika nani atashika swichi?"

"Si yeyote tu."

"Yeyote tu," Mama Swichi akarudia, akasukuma sahani pembeni. "Wewe umekaa kule mwisho, halafu swichi ashike yeyote tu."

Kulikuwa na mambo mengine. Kitinda aliona asubuhi uzi umeshatungwa kwenye sindano, ilhali jioni aliuchomoa. Fundi wa mitambo aligusa mkanda wa cherehani ile umeme ukiwa umekatika tangu alfajiri, akaukuta una joto. Alifuta mkono kwenye suruali, akaenda kukaa nje.

Mama Swichi hakuogopa sauti. Alichoogopa ni maana yake. Kila ilipomjia, swali moja lilimchoma: je, siku ile Kidole alisema "mapajani" au alisema "bado"? Kwa anayesoma midomo, maneno hayo yanaanza sawasawa. Midomo inafunga kwanza. Alisimama mbele ya kioo nyumbani kwake akayatamka kwa zamu, mapajani, bado, mapajani, bado, hadi kioo kikaingia ukungu wa pumzi yake. Hakuona tofauti.

Bosi naye uvumilivu ulimwisha. Alikuwa mtu wa haraka, si mkatili, ila mashati yalikuwa yamechelewa na shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Alimfuata Mama Swichi mchana mmoja, mvua kubwa ikinyesha, umeme umekatika, chumba kimekuwa na giza la mawingu.

Akasema karibu na uso wake, "Leo umeme ukirudi nataka uwashe mara moja. Ukishindwa, kesho swichi naishika mwenyewe. Sitaki tena hayo ya kusimama na kulia."

Mama Swichi akaisoma midomo yake mpaka neno la mwisho. Akaitikia kwa kichwa.

Mvua ilipiga bati kama kokoto. Hata wenye masikio mazima hawakusikilizana. Taa ndogo ikawaka.

"Mikono?"

Midomo ikasogea meza nzima. Mapajani. Akapitisha macho kwenye kiza, mmoja baada ya mwingine, hadi mwisho. Kule, kwenye cherehani ya mwisho, alimwona binti ameketi wima. Mikono mapajani. Uso umeinamishwa. Midomo yake ikafunga, kisha ikafunguka.

"Haya," bosi akasema, akionyesha swichi kwa kidole. "Wote wameitika."

Mama Swichi akashika mkono wa swichi. Chuma kilikuwa baridi kama maji ya mtungi.

"Bado, mama mdogo."

Mkono ukaganda.

"Bado."

"Washa," bosi akasema.

"Bado, mama mdogo. Bado. Bado."

Sauti haikuwa tena ya upole. Ilikuwa inalia. Bosi akaunyoosha mkono wake kumpita, ashike swichi mwenyewe. Hapo Mama Swichi akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya maisha yake yote. Akamsukuma bosi kifuani. Akageuka, akaibana swichi kwa mgongo wake, mikono ameitanua ukutani.

"Siwashi," akasema. "Nipigeni, nifukuzeni, siwashi. Kola, mtazame mtoto."

"Mtoto gani?" Kola akauliza kutoka kule mwisho, akipaza sauti kuishinda mvua.

"Kitinda. Si huyo hapo kando yako?"

Kola akageuka kutazama kiti cha jirani yake. Akatazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akasema kwa sauti ya chini, na Mama Swichi akayasoma maneno hayo vizuri sana.

"Mama, hapa hakuna mtu aliyekaa."

Akachuchumaa. Akaangaza tochi ya simu chini ya meza.

Kitinda alikuwa amelala kifudifudi huko chini. Alikuwa ameingia kunasua nyuzi zilizojisokota kwenye mkanda, na kamba ya aproni yake ikanasa kwenye mhimili, ikambana shingo ikiegemea chuma. Hakuweza kusogea mbele wala nyuma. Alikuwa anasema bado. Alisema tangu alipoulizwa mikono. Lakini kitambaa cha aproni kilimziba mdomo, na mvua ilimeza kilichobaki.

Wakamkata kamba kwa mkasi. Walipomvuta nje alikuwa anatetemeka mpaka meno yanagongana. Bosi akakaa juu ya marobota ya vitambaa, uso umempauka, akawa anajifuta mikono isiyo na kitu.

Mama Swichi akamkumbatia binti yake. Kisha, bila kumwachia, akasema mbele ya wote.

"Mimi sisikii. Ni miaka sasa. Nawasoma midomo. Siku ile mwenzenu alisema bado na mimi sikusikia. Nilimuua mtoto wa dada yangu kwa kuona haya."

Mvua ilikuwa inapungua.

Kola akaja akapiga magoti mbele yake. Yeye, mtu wa utani, hakuwa na utani siku hiyo. Alimshika Mama Swichi mashavu, akageuza uso wake ili amwone vizuri.

"Mama, mimi nilimsikia. Nilikuwa kando yake. Alisema bado, nikamsikia kwa masikio yangu. Nikadhani na wewe umesikia, maana sikio la swichi ni lako. Nikaendelea na kisa changu cha suruali."

Wakalia pamoja, wale wanawake wawili, sakafuni, kati ya vipande vya vitambaa vya shule. Kitinda alikuwa katikati yao.

Bosi akainuka. Akaenda nyuma ya mlango, akaanza kuvibeba vifuniko vya mbao mwenyewe, kimoja kimoja, buibui wakimtambaa mikononi. Hakuna mashati yaliyoshonwa mpaka cha mwisho kilipofungwa kwa misumari.

Jua lilikuwa limechungulia tena walipokuwa tayari. Mama Swichi aliomba awashe kwa mara ya mwisho, kisha Kola apokee swichi. Safari hii hakusimama mlangoni. Alitembea kando ya meza, akasimama mbele ya kila mmoja, akamwuliza, na hakuhama mpaka aione mikono yake.

"Mikono?"

"Mapajani."

"Mikono?"

"Mapajani."

Hadi mwisho wa meza. Kitinda, macho mekundu, akailaza mikono yake. Hakuona haya tena. "Mapajani, mama mdogo."

Mama Swichi akarudi mlangoni. Akashika mkono mwekundu. Akasubiri. Alisubiri kama anayesubiri mgeni ambaye hatarudi tena. Na katika sikio lake la kushoto, kwa upole ule wa zamani, ikaja.

"Mapajani, mama mdogo."

Akavuta.

Hakuisikia tena sauti hiyo mpaka mwisho wa maisha yake.

Kitu kimoja kilibaki. Jioni ile, Mama Swichi alipovua aproni nyumbani, Kitinda alimshika mkono na kumwonyesha. Juu ya aproni, pale mapajani, palikuwa na alama za viganja viwili, kana kwamba mtu mwingine ameilaza mikono yake juu ya miguu ya mama huyu. Vilikuwa vidogo kuliko vyake, vyembamba kuliko vya Kitinda. Rangi yake ilikuwa buluu ya anga. Chaki ya buluu haikuwa imeguswa karakanani tangu msiba. Kidole kimoja, cha mkono wa kulia, hakikuacha mistari ya ngozi kama vingine. Kiliacha duara dogo lenye vishimo vishimo.

Aproni ile haikufuliwa. Kitinda anayo hadi leo, ameikunja ndani ya sanduku, na waliowahi kuiona wanasema alama hazijafifia.

Basi sasa fumbua macho. Sikuombi uogope, wala sikuombi uamini kila nililosema. Kumbuka jambo moja tu: siku mkono wako utakapokuwa kwenye swichi, msubiri kwanza mwenye sauti ndogo.